Ekzosi ya Mkunga

Watu huniita Pua. Si kwa sababu ni kubwa, ingawa wapo wasio na adabu wanaosema hivyo nikiwapa mgongo. Wananiita Pua kwa sababu kwa miaka ishirini na sita nimepiga magoti nyuma ya pikipiki, nikavuta moshi wa ekzosi mara moja tu, nikamwambia mwenyewe ugonjwa wa chombo chake. Hii inakula oili, pete za pistoni zimekwisha. Hii inakunywa petroli kama ina kiu ya mwaka, angalia kabureta. Walikuwepo waliotoka mbali kuja kunijaribu, wakaondoka wameduwaa.

Sasa nikuambie jambo ambalo mpaka siku ile sikuwa nimemwambia mtu. Pua yenyewe ilikuwa imekufa. Mafua mabaya yalinilaza wiki nzima, na nilipoinuka kitandani sikusikia harufu ya kitu chochote. Sabuni, petroli, choo, kitunguu kikikaangwa, vyote sawa na hewa tupu. Nikasema itarudi. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Haikurudi.

Ungekuwa wewe ungesema? Usinijibu haraka. Nani ataleta pikipiki kwa Pua asiye na pua? Nikajikaza kisabuni. Nikawa napiga magoti kama kawaida, nafumba macho, navuta moshi, kumbe ugonjwa nausoma kwenye rangi ya plagi na masizi ya mdomo wa bomba. Mara nyingi nilipatia. Nyumbani ndiko nilikokaribia kuumbuka. Siku moja maharage yaliungua jikoni, hatua tatu kutoka kiti changu, mke wangu akaingia mbio kutoka uani ameziba uso kwa kitambaa, akanikuta nasoma gazeti raha mustarehe. "We mwanaume, umelala macho wazi?" Nikamwambia nilikuwa na mawazo. Akanitazama kwa muda mrefu, akaitoa sufuria nje.

Binti yetu ni mkunga wa zahanati iliyo juu ya mlima, na pikipiki ndiyo miguu yake. Huwafuata wajawazito majumbani, huwapima, na uchungu ukianza huwapakia kuwapeleka juu. Ana mdomo huyo, kamrithi mama yake. Wanawake wakiona haya kumweleza wanapoumwa huwaambia, "Mficha uchi hazai, mama, sema." Ndiyo lugha yake ya kazi.

Basi akaja gereji na malalamiko yake matatu.

"Baba, pikipiki hii inaniaibisha. Nikiingia mtaani watoto wote wanaamka. Juzi nimeamsha mapacha ambao mama yao kahangaika nao usiku kucha."

"Injini yenye sauti ni injini yenye afya," nikamwambia.

"Na hii je?" Akapandisha suruali kunionyesha kovu la kuungua kwenye shavu la mguu, ukubwa wa yai. "Mimi ninalo langu. Wiki iliyopita na mjamzito niliyempakia kapata lake, anateremka tu, mguu ukagusa bomba."

"Haya. Nitakufungia ekzosi ya kiwandani, ile ndefu."

"Usinikabie injini, Baba! Mlima ule unaujua. Nikiwa na abiria nataka ipande, isinifie njiani."

Anataka kelele zipungue, joto lipungue, na nguvu ibaki palepale. Hapo ndipo ufundi ulipo, na wababaishaji hapo ndipo wanapokimbilia kusema haiwezekani. Nilitandika vitu juu ya meza siku nzima. Sailensa ya kwanza ilikuwa fupi na wazi, vijana huipenda kwa makelele yake. Kwenye barabara tambarare inakimbia, lakini ukipanda mlima polepole injini haina msukumo, inakohoa tu. Ya pili ndefu ya kiwandani, mpole kama paka, ila ndani vizuizi vyake vimejaa kutu. Moshi ukikosa pa kutokea, injini inachemka na nguvu inakwenda na maji. Ya tatu niliichomelea mwenyewe: bomba la ndani lenye matundu, limezungushiwa pamba ya kioo ya kunywa sauti, na moshi unapita moja kwa moja bila kugonga ukuta. Nikaiunganisha na bomba jembamba kidogo la kutokea injini, maana wembamba ule ndio unaoipa nguvu kwenye mwendo wa chini. Hapo kelele na nguvu nikawa nimezimaliza.

Likabaki joto. Kinga ya bati nilikuwa nayo, lakini bati kwenye njia mbovu linagongagonga, na sitaki nitoe kelele mlangoni nizirudishe dirishani. Nikaamua kulifunga bomba kwa utepe wa nyuzi za kioo. Utepe ule huzuia joto lisitoke nje, mguu hauungui. Hulowekwa kwenye maji kwanza ili ulainike, ukikaukia juu ya bomba unabana sawasawa. Nyuzi zake zinawasha kama upupu, kwa hiyo tunauvalia glavu nene za mpira.

Gereji yetu ina mabeseni mawili. La bluu la maji, jekundu la mafuta ya taa ya kuoshea vipuri. Ndivyo ilivyo tangu tulipofungua, mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayeshughulika na matairi na minyororo. Asubuhi iliyofuata shemeji alikuwa ametoka kufuata mpira wa tairi. Nikavaa glavu, nikatumbukiza utepe kwenye beseni la bluu, ukalowa vizuri, nikaukamua, nikaufunga kwenye bomba kuanzia kwenye injini mpaka kwenye sailensa, nikaubana kwa waya. Kazi safi. Nikasimama kuitazama huku nikijisifu moyoni.

Sijavua glavu vizuri, binti akaingia anahema.

"Baba, imekwisha? Kuna mama uchungu umeanza, nyumba za nyuma ya soko. Ni mimba yake ya kwanza, nataka nimfikishe mapema."

"Imekwisha. Washa uisikie."

Akainama kufunga mkoba wake wa kazi nyuma ya kiti. Akasimama. Akakunja uso.

"Mbona inanuka mafuta ya taa?"

Sikuwa na habari inanuka nini. Ingeweza kuwa inanuka waridi, ingeweza kuwa inanuka mzoga. Kitu cha kufanya kilikuwa kimoja tu, kusema mwanangu, mimi sisikii, nusa vizuri uniambie inatokea wapi. Sentensi moja.

"Ni dawa ya utepe mpya," nikasema. "Itanuka kidogo, itatoa moshi kidogo, ikishapata joto itaisha. Usishtuke."

"Una uhakika?"

"Ala! Pua ni mimi au wewe?"

Akacheka. "Haya Baba, yaishe. Pua ni wewe."

Akawasha. Nikwambie ukweli, sauti ile ilikuwa tamu. Nzito, ya chini, imetulia. Nikasogeza kabureta kidogo, akaondoka, na kabla hajafika kwenye kona nikawa simsikii tena. Nikafurahi. Mjinga mimi, nikafurahi.

Haikupita nusu saa shemeji akarudi. Akachukua mnyororo uliojaa grisi, akaenda moja kwa moja kwenye beseni la bluu, akautumbukiza.

Nikamrukia. "We! Huna akili? Unaoshea mnyororo kwenye maji yangu?"

"Maji gani?" Akaendelea kusugua. "Hili sasa ndilo la mafuta. Jekundu limepasuka asubuhi, nikayahamishia humu, mapya kabisa. Maji yako kwenye ndoo kule."

"Mbona hukuniambia?"

Akanitazama kama niliyemuuliza jua linatokea wapi. "Nikuambie nini, shemeji? Wewe si Pua? Nilijua ungeyanusa toka mlangoni."

Nikachomeka kidole cha mkono usio na glavu ndani ya beseni. Kikateleza. Nikakisugua na kidole gumba, kikateleza. Nikashika meza. Kila fundi anajua bomba la pikipiki linafika moto wa kiasi gani likipandishwa mlima na abiria mgongoni. Mafuta ya taa hayahitaji kiberiti hapo. Na bomba lile linapita chini ya tangi la petroli, katikati ya miguu ya mwanangu na mwanamke mwenye uchungu.

"Shemeji, vipi? Umepauka."

"Mpigie simu mpwa wako! Binti! Mpigie!" Nilikuwa nabwabwaja hata sijui nasema nini. Nikaitoa simu mwenyewe. Ikaita, ikaita, ikakatika. Ikaita tena. Hapokei. Hapokei kwa sababu baba yake alimfundisha, siku ya kwanza kabisa anashika usukani, ukiwa unaendesha hata nikifa usipokee.

Pikipiki ya mwalimu mmoja ilikuwa imesimama mlangoni, kazi yake imekwisha, inamngoja mwenyewe. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nikaipanda na glavu moja mkononi, nikatoka kama mwizi.

Nikafika njia panda. Kwa kushoto unapita shuleni, kwa kulia unapita sokoni, njia zote mbili mwishowe zinafika mlimani. Nikazima injini nisikilize. Zamani ningemjua yuko wapi hata akiwa mitaa mitano mbele yangu. Nilikuwa nakaa uani jioni namsikia anavyobadilisha gia, namwambia mama yake weka chai, mtoto amefika darajani. Sasa nilitega sikio mpaka likauma. Magari, watu, redio ya mtu. Mtoto wangu hakuwemo. Nilikuwa nimemnyamazisha kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa ufundi.

Palikuwa na mshona viatu pale pembeni.

"Bwana, umeona pikipiki ya mkunga?"

"Zinapita mia hapa, mzee."

"Hii inanuka mafuta ya taa!"

"Aaa, hiyo!" Akatikisa kichwa. "Imepita hapa imetuacha tunakohoa. Ameshika njia ya sokoni. Wewe husikii? Mpaka sasa mtaa mzima unanuka."

Nikakata kulia. Nyuma ya soko nikamkuta mwanamke anaanika nguo, nikampigia kelele hata kabla sijasimama, "Mama, inanuka wapi?" Mwingine angenishangaa, lakini yeye alielewa papo hapo, akanyoosha mkono wenye nguo mbichi kuelekea juu. "Huko! Moshi mweupe! Kampakia mama mwenye tumbo, nikawaambia hiyo kitu itawaka, hawakunisikia!"

Kila mtu njiani alikuwa amenusa. Watoto walinusa, wapita njia walinusa, mbwa nadhani walinusa. Mimi ndiye peke yangu nisiyenusa, na mimi ndiye niliyeaminiwa. Mficha uchi hazai, Baba, nilimsikia kichwani kwa sauti yake ile ya kazini, na nikaanza kuomba kwa sauti kubwa barabarani. Mungu wangu, chukua na macho. Chukua masikio, chukua hii mikono. Huyo niachie.

Mlima ule una kona tatu. Ya kwanza sikuona kitu. Ya pili sikuona kitu. Kabla ya kona ya tatu nikauona moshi, na haukuwa mweupe tena. Ulikuwa mweusi, mzito, unapanda juu ya miti ukijikunja.

Nikasema, basi.

Nikaizunguka kona. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu katikati ya barabara, moto umeshika kiti, umeshika tangi, tairi la nyuma linadondosha matone yanayowaka. Helmeti yake nyeupe ilikuwa kando ya moto, imebingirika peke yake. Mtu sikuona. Nikaiangusha pikipiki ya mwalimu, nikakimbilia ule moto, nikataka kuingiza mikono ndani, sijui nilitaka kutoa nini. Nilimwita. Sikumwita jina, nilimwita mama, mama, mama, kama nilivyokuwa nikimwita alipokuwa anajifunza kutembea.

"Baba! Rudi nyuma! Tangi!"

Sauti ilitoka mtaroni, upande wa pili. Nikageuka. Binti yangu alikuwa amechuchumaa nyuma ya ukuta wa kalavati, amemkumbatia yule mama mjamzito, na mkoba wa kazi uko mapajani. Sikumbuki nilivyovuka. Nakumbuka nimemshika uso, nyusi zake zimeungua, na mkono wa kushoto kuanzia kwenye kiwiko umebabuka ngozi.

"Nilirudi kuchukua mkoba," akasema, meno yanagongana. "Mkasi wangu, nyuzi, kila kitu kimo humo. Ningemzalishaje?"

Nyuma yangu tangi likalipuka. Si kama watu wanavyodhani. Lilitoa pumzi moja kubwa, joto likatupiga mgongoni, vipande vikaanguka kwenye lami. Tukalala chini wote watatu. Lilipotulia, yule mama mjamzito ndiye aliyenyanyua kichwa wa kwanza. Alikuwa amejitapikia gauni zima.

"Ndiye huyu?" akamuuliza binti yangu huku akinitazama. "Ndiye huyu baba yako, Pua?"

Binti akaufungua mkoba, akatafuta bandeji.

"Mimi mimba hii imenipa pua ya paka, mzee wangu," akasema, uchungu ukamkata, akashika ukuta, akangoja, akaendelea. "Tangu naipanda nimemwambia sitaki, inanuka, itatuua. Ananiambia tulia, Baba kasema ikipata joto itaisha. Baba kasema, Baba kasema. Nikatapika, nikamwambia baba yako hayupo juu ya pikipiki hii, nishushe au naruka. Akanishusha. Yeye akarudi kuingurumisha hapo hapo ilipo, eti apate kuumaliza huo moshi. Ndipo ikawaka."

Kusingekuwa na kutapika kule wangekuwa bado wamekaa juu yake. Nilielewa hivyo.

Binti alikuwa akifunga mkono wake kwa bandeji ya mkobani, anavuta kwa meno. Hakupiga kelele. Yule mtoto mwenye mdomo tangu azaliwe, kimya. Hilo ndilo lililonitisha kuliko moto. Alipomaliza akanitazama.

"Ulisema ni dawa ya utepe."

"Nilisema."

"Ilikuwa mafuta ya taa. Nilikuambia, Baba. Nilikuambia inanuka mafuta ya taa. Hukusikia harufu?"

Ningeweza kumsingizia shemeji. Beseni alibadilisha yeye, ni kweli tupu. Neno lilikuwa tayari mdomoni, ulimi umeshainuka.

"Sikusikia," nikasema. "Sisikii. Tangu yale mafua. Miezi mitatu sasa sisikii harufu ya kitu chochote, mwanangu. Niliona haya."

Moto ulikuwa unatatarika barabarani. Yule mama akaguna, "Makubwa," akafumba macho. Binti yangu akanitazama tu, na machozi yakamtoka bila uso kubadilika, akayafuta kwa bandeji.

"Pikipiki uliyokuja nayo ni ya nani?"

"Ya mwalimu. Nitawaendesha mimi, wewe mkono huo..."

"Hapana, Baba. Nitaendesha mwenyewe."

Akaenda, akainyanyua kwa mkono mmoja, nikamsaidia upande wa pili. Nikamwambia iko salama, nimeifanyia kazi jana, breki nzuri, injini nzuri. Alinisikia, najua alinisikia. Akapiga magoti barabarani, polepole, kama nilivyomfundisha alipokuwa na miaka saba, akanusa chini ya tangi. Akanusa kabureta. Akasogea nyuma, akafumba macho, akanusa bomba kuanzia juu mpaka kwenye sailensa. Kisha akamwita yule mama naye aje anuse.

Yule mama akainama na tumbo lake, akavuta pumzi.

"Hii sawa," akasema.

Wakapanda. Nilisimama kando ya barabara na glavu yangu moja, nikiwasikiliza mpaka juu kabisa. Pikipiki ya mwalimu ilikuwa na makelele ya aibu, na nilimshukuru Mungu kwa kila mlio.